Aliyepunguzwa kazi hula mtaji akisaka mshahara

Mfanyakazi anapopunguzwa kazi, wenye maduka mtaani kwake hupiga hesabu mbili: deni lililoko kwenye daftari, na kiinua mgongo alichoondoka nacho. Hesabu ya tatu ni gharama ya kutafuta kazi nyingine. Wachache huipiga, nayo ndiyo humaliza fedha.

Tuanze na zinazoingia. Kwa sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza kazini, na hesabu inakomea miaka 10. Basi aliyetumikia miaka 22 analingana na aliyetumikia 10: siku 70, ambazo hazifiki mishahara ya miezi mitatu. Tangu mwaka 2018 lipo pia fao la kukosa ajira katika mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwanachama mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyekuwa akipata shilingi 600,000 atarajie kama 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa kiwango hicho, wala shule haipunguzi ada.

Zinazotoka huanza kidogo kidogo: nakala za vyeti, muhuri wa wakili, picha ndogo, bando la intaneti, nauli. Anayetoka Chanika kwenda Posta kupeleka bahasha moja amemaliza siku. Halafu kinakuja kimya. Si ajabu barua 20 zikaenda lisirudi hata jibu moja. Jibu la kukataliwa lingekuwa nafuu, maana mtu angepanga jingine. Kimya humfanya asubiri, na kila wiki ya kusubiri inakatwa kwenye kiinua mgongo.

Wenye umri mkubwa wana ugumu wao. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka sharti la umri usiozidi miaka 45. Mtunza stoo wa miaka 47 amefungiwa mlango kabla vyeti vyake havijasomwa. Kampuni binafsi hazina haja ya kuandika umri. Huomba "kijana mchapakazi", na ujumbe umefika. Akibahatika kuitwa kwenye usaili huulizwa kwa nini alipunguzwa yeye na si mwenzake, kana kwamba ndiye aliyeandaa orodha.

Soko letu limewahi kuliona jambo hili kwa kishindo. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalirekebishwa, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa. Katika mageuzi hayo maelfu walirudi nyumbani na malipo ya mkupuo. Husemwa kwamba waliofilisika hawakujua biashara. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya habari. Anayehangaika mwaka mzima kutafuta mshahara, kisha akafungua duka kwa kilichobaki, ameanza na rafu tupu.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayefuatwa na mtu wa namna hii akitaka ubia, amuulize mapema: bado unaomba kazi? Akiwa bado anaomba, fedha yake itahitajika siku yoyote, na mzigo uliokwisha kununuliwa hauwezi kugeuzwa noti kwa siku moja. Heri kuandikiana muda wa kurejeshana. Njia nyingine, ambayo wenye maduka ya jumla hawaitumii vya kutosha, ni kumpa kazi ya siku mbili kwa wiki: kufunga vitabu, kuhesabu stoo. Mhasibu aliyezoea hesabu za kiwanda hupatikana kwa malipo ambayo duka linayamudu, naye anabaki na siku za kufuatilia maombi yake.

Kwa aliyepunguzwa mwenyewe, TaESA huandikisha watafuta kazi bila malipo; wa kuogopwa ni dalali anayedai ada kabla ya kazi. Na anayeamini aliachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakipeleka bahasha.