Vitu 5 Huenda Hujui Kuhusu Julius Yego, Msee Aliyesomea Mkuki YouTube

Ukitaja Kenya na riadha, kila mtu anafikiria mbio. Marathon, steeplechase, 800m, hizo ni zetu toka kitambo. Lakini 2015 kule Beijing, jamaa mmoja wa Nandi alibeba dhahabu ya dunia bila kukimbia hata raundi moja ya uwanja. Cheki hii stori vile ilienda.

1. Kocha wake wa kwanza alikuwa skrini ya cyber

Makocha wa mkuki Kenya walikuwa wa kutafutwa na tochi. So Yego alikuwa anaingia cyber, anawasha YouTube na kucheki video za Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway. Akitoka hapo, anaenda field kujaribu. Ndio maana walimbandika jina "Mr YouTube". Baadaye ndio alipata nafasi ya kutrain Finland, mahali mkuki unapendwa vile sisi tunapenda mbio.

2. Ile mita 92.72 ni noma kuliko unavyodhani

Utaskia Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha 104.80 mwaka wa 1984, useme Yego alikuwa mbali sana. Zii! Mikuki ilikuwa imeanza kuenda mbali mpaka inakuwa hatari kwa watu uwanjani. So 1986 mkuki wa wanaume ulibadilishwa, uzito ukasongezwa mbele ndio ncha ishuke mapema. Rekodi zikaanza upya. Kwa huu mkuki mpya, siku ile ya Beijing ni wasee wawili tu walikuwa wamewahi kumpita Yego: Železný na Aki Parviainen wa Finland.

3. Kuanguka kwake si bahati mbaya

Ukicheki video zake, anarusha halafu analala kwa tumbo. Usicheke. Anakuja na speed yote, mkuki wa gramu 800 unaenda, lakini mwili bado unataka kuenda nao. Akivuka laini, hiyo imeharibika, hata kama ni mita 95. Kuanguka ndio breki yake.

4. Beijing haikuwa bahati

Alikuwa ashachukua dhahabu ya All-Africa Games Maputo 2011, akaingia fainali ya Olimpiki London 2012, halafu akabeba dhahabu ya Commonwealth Glasgow 2014. Huyu msee alipanda ngazi moja moja.

5. Silver ya Rio ilikuja na maumivu

2016, wakati wa kuenda Rio, alifika airport akapata tiketi yake haiko. Imagine, bingwa wa dunia! Mwishowe akasafiri. Kwa fainali, mrusho wake wa kwanza ukafika 88.24, halafu akaumia kifundo cha mguu. Thomas Röhler wa Ujerumani akampita na 90.30. Yego alitoka uwanjani kwa wheelchair, lakini silver ilikuwa yake.

Sasa jiulize: kama huyu alifika hapo akilipia dakika za cyber, ni vijana wangapi wako mtaani na kipaji cha kurusha ama kuruka, na kila mtu anawaambia tu wakimbie? Hizo bundles zako zinaweza kufanya mengi kuliko kuscroll.