Pimeni Rauta Kabla ya Kuchanga Pesa

Intaneti ikienda polepole katika chumba cha kompyuta cha kikundi, wanachama husema mara moja: tulipie laini kubwa zaidi. Sisi pia tulisema hivyo, na pesa zilikuwa karibu kutoka sandukuni. Kisha mama mmoja akauliza, je, kama kasoro iko kwa rauta? Hakuna aliyejibu, maana hatukuwa na njia ya kuipima. Sasa tunayo.

Tafuteni kompyuta moja, hata kuukuu, yenye matundu mawili ya waya wa mtandao. Nyingi zina moja tu, basi ongezeni kadi ya pili. Wekeni Linux, kwa mfano Debian. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka wa 1991, nayo ni ya bure. Hata jirani mnaweza kumpa bila kuvunja sheria. Wekeni pia iperf3, ya kupima kasi, na dnsmasq, ya kugawa anwani.

Rauta ikae katikati. Waya wa kadi ya kwanza uingie tundu la WAN, pale laini ya kampuni huingia. Waya wa pili utoke tundu la LAN urudi kwa kadi ya pili. Kompyuta hiyo moja inakuwa kampuni na mteja kwa pamoja.

Hapa ndipo tulipojikwaa. Kasi ilikuwa ya ajabu, tukafurahi, mpaka mtu akang'oa waya na kasi isipungue! Kumbe Linux ikijua kadi zote mbili ni zake, hujipelekea habari ndani kwa ndani, na rauta haipitiwi kabisa. Dawa ni kuitenga kadi ya pili. Mkiwa na ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, andikeni:

ip netns add ndani
ip link set enp2s0 netns ndani

Hilo enp2s0 ni jina la kadi yetu. La kwenu mtaliona mkiandika ip link. Kadi ya kwanza ipeni anwani 10.0.0.1, na dnsmasq iigawie rauta anwani ya jamii hiyo. Kadi iliyotengwa ipeni anwani ya jamii ya LAN ya rauta, na njia yake ya kutokea iwe rauta yenyewe. Kisha anzisheni iperf3 -s, na katika dirisha lingine:

ip netns exec ndani iperf3 -c 10.0.0.1

Ng'oeni waya. Kipimo kikikatika, ni cha kweli. Mkiongeza -R mwishoni mtapima kasi ya kushusha, ambayo ndiyo watu hulalamikia zaidi. Wi-Fi haipimwi hivi. Hiyo ni kazi nyingine.

Matundu ya megabiti 1000 hutoa karibu 940 kwa sekunde, na ya 100 hutoa karibu 94. Msishtuke mkiona 94. Kwa laini ya megabiti 10 inatosha na kubaki.

Dakika chache hazitoshi, lakini. Yetu ilianza na 94 safi. Tukaongeza -t 3600, yaani saa nzima, na kabla ya saa kwisha ilikuwa moto kama pasi na kasi imeshuka chini ya 5. Laini haikuwa na kosa lolote. Tukanunua rauta nyingine, na tuliipima mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.