Joto kali la siku chache: nani anaumia, mnyoo au mbuzi?

Ndugu mfugaji, wengi mnaniuliza: "Afisa, jua hili si linaua minyoo yote malishoni? Mbona mvua ikinyesha mbuzi wanadhoofu?" Jibu ni kwamba joto linampiga mnyoo na mbuzi kwa pamoja, ila kwa njia tofauti.

Kwa mnyoo
Namzungumzia mnyoo mfyonza damu wa tumboni, Haemonchus contortus. Jike moja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, yanatoka na kinyesi. Pakiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi yai limeshakuwa buu la kuambukiza. Siku chache za jua kali na ukavu zikipiga, mayai na mabuu machanga yaliyo wazi hukauka na kufa. Mabuu yaliyokomaa hayali kitu, yanaishi kwa akiba yao, na joto huimaliza haraka. Lakini yaliyojificha ndani ya kinyesi yanasubiri. Mvua ikishuka tu, yanapanda majani.

Kwa mbuzi
Mbuzi anahema sana, anakula kidogo, kinga ya mwili inashuka. Minyoo iliyo tumboni haisikii ukavu wowote. Minyoo 1,000 inaweza kunyonya takriban mililita 50 za damu kwa siku. Piga hesabu ya wiki moja.

Mtego uko hapa
Watu hunywesha dawa kundi zima wakati wa joto. Malishoni mabuu ni machache, tumboni imebaki minyoo sugu tu, na ndiyo itakayotaga mvua ikija. Msimu ujao dawa ile ile haifanyi kazi, hela imekwenda.

Fanya hivi
1. Fungua kope ya chini. Ndani nyekundu, mwache. Imepauka au nyeupe, mpe dawa. Angalia pia uvimbe chini ya taya.
2. Pima uzito, usikadirie. Dozi pungufu inazalisha usugu.
3. Mchana weka mbuzi kivulini, maji safi yasikosekane.
4. Mvua ikianza, kagua kope kila wiki, hasa kuanzia wiki ya tatu, na usiwalishe majani yaliyoliwa mpaka chini. Mabuu mengi hukaa huko.

Una kundi kubwa? Mwone afisa mifugo wa kata, kinyesi kipimwe mayai kabla hujanunua dawa. Kipimo kitakuokolea hela nyingi, kijana mwenzangu.