Bahasha Moja, Gunia Zima

Kuna asubuhi moja ambayo siisahau. Nilifika kituoni, nikawasha kompyuta ili nichague barua-pepe za kusoma hewani, nikakuta sanduku langu tupu. Barua za miaka mitatu hazipo: salamu, malalamiko ya maji, hata namba za simu za watu niliowaahidi mahojiano. Nikamkimbilia fundi. "Mzee, humo mlikuwa na virusi," akanijibu. "Programu imefuta usiku."

Virusi vilikuwa katika barua moja tu. Kwa nini basi zimekwenda zote?

Jibu liko katika namna seva inavyoweka barua. Ya kwetu ilitumia mtindo wa zamani uitwao mbox, ambapo barua zote za folda moja hufuatana ndani ya faili moja refu. Programu ya kawaida ya kukinga virusi hushughulika na mafaili. Ikinusa mdudu mahali popote, kwake faili zima ni bovu, na ikiwa imeamriwa kufuta, hufuta zima. Ni karani wa posta aliyetilia mashaka bahasha moja akachoma gunia. Mtindo wa Maildir huipa kila barua faili lake; huko ningepoteza moja.

Wenye Microsoft Exchange wana hatari kubwa zaidi, kwa sababu barua za watu wengi hukaa katika hazina moja, pamoja na mafaili ya kumbukumbu za kazi yake. Likifungwa au kuondolewa faili moja la kumbukumbu hizo, hazina yote inaweza kukataa kufunguka. Microsoft wenyewe hushauri folda hizo zisiguswe na ukaguzi wa kawaida wa mafaili.

Basi tuache kukagua? La hasha! Mwezi Mei 2000, barua zenye kichwa ILOVEYOU zilianzia Ufilipino zikazunguka dunia kwa muda mfupi mno. Ukaguzi uwepo, lakini uwekwe mlangoni, pale barua inapoingia kabla haijahifadhiwa. Hapo kila barua iko peke yake, viambatisho vyake hufunguliwa na kuchunguzwa, na iliyo mbovu huzuiwa bila kuwagusa jirani zake. ClamAV, ambayo haina malipo, hufanya kazi hiyo ikiunganishwa na programu ya kupokea barua kama Postfix.

Ukaguzi wa usiku nao una faida, maana mdudu asiyejulikana Jumatatu huenda akajulikana Alhamisi. Ila fundi auamuru utoe taarifa tu. Kufuta kufanywe na mtu mwenye macho. Ukiitumia clamscan ya ClamAV bila kuiongezea amri, hutoa taarifa tu. Fundi wetu alikuwa ameongeza amri ya kufuta, kwa nia njema kabisa.

Akishamaliza, ajaribu kwa faili la EICAR, herufi 68 zisizo na madhara, ambazo kinga nyingi huzitambua kama virusi. Ajitumie mwenyewe, kisha aangalie: limezuiwa mlangoni? Na barua zake nyingine zipo?

Nakala yetu ya akiba ilikuwa ya wiki tano nyuma, kwa hiyo tulirudishiwa nyingi. Za wiki hizo tano sikuzipata tena. Kama wakati ule uliniandikia nisikujibu, tafadhali niandikie upya.