Dawa ya Moyo Hupimwaje?

Moyo ni pampu. Pampu hiyo ikidhoofika kwa muda mrefu, damu haisukumwi ipasavyo. Miguu huvimba, na mgonjwa hutweta hata akiwa amelala. Basi, dawa ipi yamfaa? Wengi wangejibu upesi: ile iuongezeayo moyo nguvu ya kujikaza.

Milrinoni ni dawa ya namna hiyo. Katika jaribio moja wagonjwa 1,088 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipewa vidonge vya milrinoni, wengine vidonge vilivyofanana navyo lakini visivyo na dawa, wala mgonjwa wala daktari asijue nani kapewa kipi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1991. Miongoni mwa waliopewa dawa, kiwango cha vifo kilizidi kwa asilimia 28! Punda aliyechoka alikuwa akichapwa bakora.

Dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kwa upande wao, ziliogopwa. Hata hivyo, mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake, huko Göteborg nchini Uswidi, walieleza nafuu waliyoiona kwa wagonjwa saba. Saba ni wachache mno. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1999, bisoprololi ilipojaribiwa kwa wagonjwa 2,647: walifariki asilimia 11.8 ya waliopewa dawa, na asilimia 17.3 ya wasiopewa. Sababu ni kwamba moyo dhaifu huchochewa kupita kiasi na adrenalini ya mwili wenyewe, na dawa hizi huukinga. Lakini huanzwa kwa kipimo kidogo sana, kisha huongezwa polepole.