Makofi Mawili ya Mbwa

Mwaka jana nilipokwenda TP nilipewa darasa la kwanza. Siku ya tatu nikafundisha silabi kwa makofi. "Baba", makofi mawili. "Kalamu", matatu. Darasa zima tuko pamoja. Nikasema "mbwa". Wengi wakasita, ila mtoto mmoja wa dawati la nyuma akapiga mawili.

"Hapana, ni moja," nikamwambia. "Irabu ni moja tu hapo."

Akashusha mikono. Kipindi kizima hakupiga tena.

Jamani, yule mtoto alikuwa sahihi. Fonolojia nilisoma mwaka wa kwanza, nikapata B yangu, nikafunga daftari.

Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu: ka-la-mu. Lakini m na n zinaweza kusimama zenyewe kama silabi. Sema "mbwa" polepole: m-bwa. Hiyo m ndiyo inayobeba mkazo, maana kwa kawaida mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa sema "mbuzi": mbu-zi. Herufi za mwanzo ni zilezile, ila hapa m imeungana na b. Vivyo hivyo n-chi, lakini ndi-zi. Mimi nilihesabu irabu ubaoni, yeye alisikiliza.

Mtoto anapoingia darasa la kwanza ameshaongea kwa miaka kadhaa. Kwa kawaida husikia silabi kabla hajaweza kutenga sauti mojamoja, na herufi tunazomfundisha zinakuja kukaa juu ya sauti hizo. Ukimwambia alichosikia si kweli, unamfundisha asiyaamini masikio yake. Akianza kubahatisha, tunasema ni mzito.

Yupo pia ambaye nyumbani haongei Kiswahili. Kama lugha yake haitenganishi l na r, "kalamu" na "karamu" kwake ni neno moja. Huyo kwanza asikie tofauti, aitamke, aone kalamu yenyewe mkononi mwako. Ukikimbilia kumpa herufi, atakariri tu umbo lake.

Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeweka mkazo kwenye KKK, na K ya kwanza ni kusoma. Hatuwezi kuifundisha vizuri kama hatujui lugha yenyewe imejengwaje.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Juzi mwalimu alikosea. Mbwa ana makofi mangapi?" Nikamtazama wa dawati la nyuma. Akaangalia wenzake kwanza, kisha akapiga mawili, kwa nguvu.

Wenzangu mnaojiandaa kwa TP, kabla ya kushika chaki, yatamkeni maneno ya somo kwa sauti na kuyapigia makofi wenyewe. Mwenzako wa chumbani akicheka, mwache acheke.