Kabla hujapiga picha, ndege ameshakuona: fahamu macho yake yanavyofanya kazi

Unamwona mdiria ametua kwenye tawi kavu kando ya ziwa. Unasogea taratibu, unainua simu, unaanza kuzumu. Kabla kidole hakijagusa skrini, huyo, kaenda zake. Kinachobaki kwenye simu ni picha ya tawi.

Wengi hulaumu kamera. Simu haizumu vya kutosha, lenzi ni fupi, hela ya kununua kubwa haipo. Lakini mara nyingi tatizo lilianza hata kabla simu haijatoka mfukoni. Ndege alishakuona, na alikuona kwa macho yaliyo tofauti sana na yako.

Ukijua anachokiona, unaweza kupata picha nzuri hata kwa simu ya kawaida. Na la muhimu zaidi, utajua wakati wa kuacha.

Ana rangi moja zaidi yako

Jicho la binadamu lina aina tatu za seli zinazotambua rangi. Moja hupokea zaidi mwanga mwekundu, nyingine kijani, nyingine bluu. Rangi zote unazozijua, kuanzia za kanga hadi za matunda sokoni, ubongo unazitengeneza kutokana na seli hizo tatu.

Ndege wengi wa mchana wana aina nne. Ile ya nne hupokea zambarau ya mwisho kabisa, na kwa baadhi yao hufika hadi kwenye urujuanimno, ile mionzi ya jua inayochoma ngozi lakini sisi hatuioni. Kasuku na ndege wengi wadogo waimbaji wanaiona vizuri. Tai na vipanga huishia zaidi kwenye zambarau.

Hilo limepimwa porini. Mwaka 2020, watafiti jimboni Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio na ndege wadogo wanaofyonza maua, wanaofanana kidogo na chozi wetu ingawa si ndugu. Waliwekewa taa mbili: moja ya kijani, nyingine ya kijani iliyochanganywa na urujuanimno. Moja ilikuwa na maji ya sukari, nyingine maji matupu. Kwa watu, taa zote mbili zilikuwa kijani tu. Ndege walijifunza haraka ipi ina sukari.

Miaka 15 kabla ya hapo, mtafiti wa Marekani Muir Eaton alichunguza manyoya ya spishi 139 ambazo kwa macho ya binadamu dume na jike wanafanana kabisa. Alipokokotoa rangi hizo kwa kufuata jicho la ndege, zaidi ya asilimia 90 ya spishi hizo zilionekana kuwa na tofauti kati ya dume na jike. Wao wanajuana. Sisi ndio tulikuwa hatuoni.

Kamera yako imetengenezwa kwa ajili yako

Hapa ndipo mpiga picha anapoguswa. Kamera ya simu, hata ile kubwa ya mamilioni, imeundwa ifuate jicho la binadamu. Juu ya sensa kuna kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga tusiouona. Kwa hiyo picha ya ndege yenye "rangi halisi" ni halisi kwa watu tu.

Januari 2024, watafiti wakiwemo Vera Vasas na Daniel Hanley walitangaza mfumo wa kamera na programu unaorekodi video na kuzigeuza zikaribie rangi anazoziona mnyama, ndege wakiwemo. Hata hivyo, rangi ya nne haiwezi kuonyeshwa moja kwa moja kwa macho yetu. Ni lazima ipewe rangi nyingine tunayoijua.

Kwa hiyo ukiwa kwenye programu ya kuhariri, kuvuta rangi mpaka ndege awake kama taa ya baa hakumfanyi awe halisi zaidi. Unaongeza tu kile ambacho wewe tayari unakiona.

Kinachosaidia ni mwanga. Bluu ya kambu, yule ndege maarufu wa mbugani mwenye kifua cha zambarau, haitokani na rangi ya bluu ndani ya unyoya. Inatokana na umbo dogo sana ndani ya unyoya linalotawanya mwanga. Chozi naye anang'aa kwa sababu ya tabaka nyembamba kwenye manyoya yake, ndiyo maana akigeuka kidogo tu anaonekana mweusi. Ukikuta chozi "mweusi", usikimbilie kuhariri. Jua likiwa mgongoni kwako, subiri ageuke. Rangi itakuja yenyewe.

Akigeuza kichwa, huenda ndiyo anakutazama

Macho ya njiwa yako pembeni mwa kichwa. Bila kugeuka, anaona eneo la takribani nyuzi 340 kati ya 360. Kumnyemelea kwa nyuma ni kujisumbua.

Kuna jambo jingine linalowadanganya wengi. Wewe ukitaka kuona kitu vizuri unakitazama mbele. Kipanga na tai wana sehemu mbili za kuona kwa makini katika kila jicho, na ile kali zaidi inaelekea pembeni. Kwa hiyo kipanga akigeuza uso upande, mpiga picha anadhani amesahaulika na anapiga hatua. Kumbe ndiyo kwanza ametazamwa vizuri.

Ukali nao unatofautiana. Tai mkubwa wa Australia amepimwa na kukutwa anaona kwa undani zaidi ya mara mbili ya binadamu. Ndege wengi wadogo, kinyume chake, hawaoni vitu vidogo vya mbali vizuri kama sisi. Wao wanachonasa haraka ni kitu kinachosogea. Mkono unaopanda ghafla na simu unatosha kumaliza mchezo.

Dunia yake ina kasi nyingine

Taa ikiwaka na kuzima haraka sana, kuna mahali jicho linashindwa kufuata na kuona mwanga uliotulia tu. Kwa binadamu kikomo hicho mara nyingi ni takribani mara 60 kwa sekunde. Mwaka 2016, watafiti nchini Sweden walionyesha kwamba baadhi ya ndege wadogo wanaokula wadudu hufika karibu mara 145.

Maana yake, tendo ambalo kwako ni kufumba na kufumbua, kwa ndege huyo lina vipande vingi. Ndiyo anavyomdaka mdudu hewani, na ndiyo anavyokuwa ameondoka wakati wewe bado unabonyeza.

Huwezi kushindana naye kwa kidole. Weka picha za mfululizo kabla hajaruka. Kama kamera inakuruhusu kuchagua kasi, anza na 1/2000 ya sekunde kwa ndege anayeruka.

Mfululizo unasaidia pia kwa aliyetulia. Ndege ana kope ya tatu inayopita juu ya jicho kulisafisha. Ukibonyeza wakati huo, jicho linatoka na ukungu na picha inaonekana ya ndege mgonjwa. Piga kadhaa, chagua moja.

Kwa njiwa na kuku kuna siri nyingine. Ule mwendo wa kuchezesha kichwa unamsaidia kuona. Mwaka 1978, jaribio la nchini Canada liliwatembeza njiwa kwenye mashine ya kukimbilia, mahali ambapo mandhari haisogei. Wakaacha kuchezesha kichwa. Anapotembea kawaida, husukuma kichwa mbele, kisha hukishikilia palepale mwili ukifuata. Bonyeza kichwa kinaposimama.

Anajua unatazama wapi

Mwaka 2008, watafiti nchini Uingereza waliweka chakula mbele ya aina ya kwezi wanaoishi huko. Mtu akikaa karibu na kuwatazama, walichelewa kukifuata. Mtu yuleyule akitazama kwingine, walikuja mapema zaidi na kula zaidi.

Kwa hiyo usimkazie macho. Usimfuate kwa mstari ulionyooka. Pita kimshazari kama mtu aliye na shughuli zake, simama, subiri, kisha sogea tena. Ukiwa mbugani, baki kwenye gari, kwani wengi wameshalizoea umbo lake kuliko la mtu anayetembea.

Angalia na nguo. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya "kung'arisha" inayonyonya urujuanimno na kuutoa kama mwanga wa bluu. Shati linalowaka kwa weupe juani ni tangazo. Vaa rangi zilizofifia.

Kinachopotea si picha tu

Ndege akiruka mbele yako, hatumii nguvu bure tu. Kama alikuwa ameatamia, mayai au makinda yanabaki wazi. Saa sita mchana, jua la nchi zetu halihitaji muda mrefu kuyadhuru. Na katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, kunguru wanajulikana kwa kuvamia viota vya ndege wengine. Kumwondoa mama kiotani ni kama kuacha mlango wazi.

Bahati nzuri, ndege hutoa taarifa mapema. Anaacha kula. Ananyoosha shingo. Anajibana manyoya au anainama kama anayejiandaa kuruka. Anapiga kelele ileile mfululizo. Ukiona hivyo, umefika mwisho. Rudi hatua chache nyuma, mara nyingi ataendelea na mambo yake na wewe utaendelea na yako.

Kwa kifupi, kabla hujabonyeza:

- Jua liwe mgongoni kwako, asubuhi au jioni.
- Inua simu mapema ukiwa mbali, usiinue ukishafika.
- Washa picha za mfululizo.
- Pita kimshazari, usimkazie macho.
- Zima flashi, hasa kwa bundi. Macho yake yamezoea giza.
- Kiota chenye mayai au makinda, kiache.

Na kama umefanya yote hayo na bado karuka, kaa chini palepale. Ndege wengi wana tawi wanalolipenda, na mdiria ni mmojawapo. Akirudi akakukuta umetulia, safari hii utakuwa sehemu ya mandhari aliyokwisha kuikagua.